Sauti Iliyoniita Ziwani

Mjukuu wangu Zaina,

Amahoro, amani iwe nawe. Huku Minago tuko wazima, babu yako anakohoa kidogo tu. Umeniuliza kama hadithi za majini unazosikiliza kwenye simu zingenitisha. Zingenitisha, mama.

Nilipokuwa na miaka kumi, redio ilikuwa na mchezo wa jini la ziwani lililowaita watu kwa sauti za mama zao. Aliyeitika alizama. Mchana mmoja nilikuwa nachota maji, nikasikia sauti ya mama nyuma ya mawe, "Rehema! Njoo!" Nikatupa ndoo, nikakimbilia nyumbani, hatua chache tu kutoka ufukoni, nikajifungia. Sauti ikaendelea kuita, ikidhoofika. Nikawaza: jini halichoki, huyu anachoka. Nikarudi nikilia. Mama alikuwa ameteleza, mguu umevunjika, maji yanamfika kifuani.

"Hukunisikia?"

"Nilisikia, mama. Niliogopa."

"Na bado umekuja," akasema, akaning'ang'ania shingoni nikimvuta hadi ufukoni.

Baadaye redio ilimhoji mtunzi wa mchezo ule. Akakiri kwamba yeye mwenyewe hathubutu kuoga ziwani. Nilicheka. Lakini hadi leo nikiitwa kutoka ziwani, moyo hukimbia kwanza, ndipo miguu inakwenda kuona ni nani.

Nyanya yako,
Rehema