Nimeweza Kuinuka Mkekani

Magomeni,
Kilosa.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Editha,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani, mama? Kikohozi cha vumbi la Singida kimekuachia? Na kula unakula, au unawapikia wajukuu kisha wewe unaishia kwenye chai? Sisi hatujambo. Shemeji yako Timotheo siku hizi anasikia kwa sikio moja, tena anasikia lile tu analolitaka. Mashamba tumeshasafisha, tunasubiri mvua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu huipokei. Sikulaumu. Mumeo Lucas alipofariki Februari, mimi dada yako wa tumbo moja sikuja kukaa nawe msibani. Niliwatuma wanangu, nikasema presha imepanda. Leo nakwambia ukweli: presha ilikuwa sawa. Nilikudanganya.

Nisikilize kwanza, hasira utaendelea nayo baadaye ukipenda. Miezi mitatu kabla ya hapo tulikuwa na msiba Chanzuru. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu tangu asubuhi. Jeneza lilipotolewa wote wakasimama, mimi magoti yakagoma. Nikajiegemeza kwa mkono, nikashika ukuta, wapi! Wanawake wanne wakaninyanyua kama gunia la mpunga, gauni likapanda juu, na binti mmoja akacheka. Unanijua nilivyo na maringo. Tangu siku ile nikauogopa mkeka kuliko nyoka. Misibani nikawa naishia mlangoni, natoa rambirambi, naondoka, mpaka watu wakasema Mama Innocent siku hizi anajidai.

Habari za Lucas ziliponifikia, nilichokiona ni siku nne za kukaa chini ugenini, mbele ya wakwe zako. Nikashindwa. Niliihurumia aibu yangu nikakuacha wewe peke yako. Linaniuma hilo, Editha. Linaniuma kila siku.

Wala sikufika pale ghafla. Unakumbuka nilivyokuwa nalima, wanaume wakinitupia macho. Nilipotimiza miaka sitini na tano wanangu, kwa heshima zao, wakaninyang'anya jembe. Halafu ndoo, halafu mchi. Innocent akaninunulia kiti cha plastiki chenye mikono, na kila nikitaka kuinuka nasikia, "Mama, kaa, nakuletea." Nikakaa. Nimekaa miaka sita najiona mama mwenye bahati, kumbe miguu inaniaga.

Aliyeniokoa ni Debora, binti wa jirani yetu, anayefanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii kule Mikumi. Wamemfundisha kuwaongoza wageni kwenye mazoezi yanayoitwa Pilatesi. Tangu Machi, akija mapumziko, anatufundisha sisi vikongwe sita uani kwao. Siku ya kwanza nilikwenda ili nimcheke. Yeye akatupeleka kituo cha afya tukapimwa kwanza, maana alisema hataki kesi. Kisha akatulaza chali tuvute pumzi, tukaze tumbo, tuinue kiuno polepole na kukishusha polepole. Hakuna kukimbia wala kurukaruka, lakini jasho lilinitoka. Kuna pia siku za nguvu: kusukuma ukuta, kuinua chupa za maji, kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu. Nikijaribu kuiba, nasikia tu, "Bibi, mkono huo! Nimekuona!"

Wiki ya kwanza niliumwa kila mahali. Nikamwambia Timotheo kwamba siendi tena. Safari hii akasikia vizuri, akanijibu, "Basi nikuletee kiti." Nikavaa kanga zangu nikaenda.

Sasa nalala usingizi mmoja hadi alfajiri. Mgongo umetulia, na nikijikwaa najishika mwenyewe kabla sijaanguka. Mwenzetu wa mazoezi, Mama Mwinshehe, alikuwa anaswalia kitini mwaka wa pili. Siku alipotuambia amesujudu chini na kuinuka, tulipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Sikufichi, magoti yangu bado yanalalamika asubuhi, na sishuki chini kama msichana. Nageukia ubavu, napiga magoti, natanguliza unyayo mmoja, najisukuma. Inachukua muda, lakini nafika.

Mwezi uliopita tulizika Mvumi. Nilikaa mkekani tangu saa tatu hadi saa tisa. Wenzangu waliposimama, na mimi nikasimama. Hakuna aliyenishika. Hakuna hata aliyegeuka kunitazama. Nikaangua kilio, watu wakadhani namlilia marehemu. Nilikuwa nakulilia wewe.

Mwanao Yared ameniambia kwamba tarehe 11 Oktoba mnaweka msalaba kwenye kaburi la baba yake. Ameniambia pia kwamba hutoki siku hizi, unashinda umekaa, unaletewa kila kitu. Hapo nilishtuka, kwa kuwa njia hiyo naijua inakokwenda. Nataka nije wiki moja kabla. Innocent atanisindikiza kwa treni mpaka Dodoma, kisha tutapanda basi. Nataka nikae chini na wewe tumlilie Lucas, kama nilivyopaswa kufanya. Tukishalia, nikufundishe kuinuka.

Lakini siji kwa nguvu. Msiba ni wako na nyumba ni yako. Ukiona moyo bado haujakubali, nitabaki huku nikuombee, na sitakununia.

Nisalimie Yared na mkewe Doris, na wajukuu wote, hasa yule mtundu. Timotheo anakusalimu sana. Innocent anakuamkia. Mama Mwinshehe, ambaye hakujui, anakutumia pole na dua.

Mungu akushike mkono, mdogo wangu, akurudishie usingizi, na nyumba yako aipe amani.

Nakuomba jambo moja tu. Ukiwa tayari, nipigie. Usinieleze chochote, wala usiseme umenisamehe kama bado. Nipe shikamoo yangu tu, maana ni mwezi wa saba huu sijaisikia kutoka kwako. Nikishaitikia marahaba, nitafunga mizigo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Paulina