Mgeni Aliyeulizia Nasaba

Mombasa, 6 Februari 2024

Mamangu, assalamu alaikum. Goti lako vipi? Mimi mzima. Kazi ya mnara wa kuongozea ndege nimeipata, imebaki kibali cha usalama tu. Niombee dua.

Mwanao, Swafiya

Kiunga, 2 Machi 2024

Mwanangu, waalaikum salaam. Goti lanisumbua, ila leo sina neno nalo. Alikuja bwana mmoja kukuulizia: tabia yako, ukoo wa babako, wangu, na walipo. Hakujitaja. Mtu akiuliza nasaba ya msichana hivyo, ni posa. Nikampa mahamri na kahawa, nikamhesabia jamaa wote hadi Kismayu, asidhani tumeokotwa. Nikamwambia dadangu Barka aliyeko huko ndiye aliyekunyonyesha nilipougua, na wanawe ni ndugu zako. Aliandika yote. Kijana mwenyewe ni nani?

Mamako

Mombasa, 19 Aprili 2024

Mama, salaam. Natumai mu wazima. Yule si mshenga, ni mpelelezi. Kibali nimenyimwa, ati nina jamaa wa karibu Kismayu, ng'ambo ya mpaka. Sikulaumu. Bwana mmoja wa ofisi ya vibali asema nikate rufaa, nile kiapo kwamba simjui mama Barka. Alikuwa akimenya njugu, maganda akiyaangusha juu ya jina la mama Barka kwenye faili. Watu hawa wananitia kinyaa.

Swafiya

Kiunga, 27 Aprili 2024

Mwanangu, salaam. Afya ipo, raha haipo. Kikombe alichonywea mpelelezi yule nimekitupa. Nikikumbuka nilivyomkaribisha nakisugua tena kiti alichokalia. Nimempigia Barka. Kasema, "Mwambie anikane, mwanangu. Mungu ndiye ajuaye." Basi apa, upate kazi uliyoisomea.

Mamako

Mombasa, 14 Mei 2024

Mama, assalamu alaikum. Goti limepoa? Nilikwenda kwa wakili, nikashika kalamu. Karatasi yasema, "Simjui Barka." Nikaona uchafu mkononi mwangu mwenyewe. Nikairudisha ofisini bila saini. Yule bwana akaniuliza, "Huyu ni nani kwako hata uache kazi?" Nikamjibu, "Mama." Akacheka: mamako yuko Kiunga, tumemwona. Nikamwambia ninao wawili, na hilo pia aandike.

Kazi imekwenda. Nililia, kisha nikafunga mizigo. Ijumaa nitakuwa nyumbani. Mpigie mama Barka, mwambie sikuapa. Na akija mtu kuniulizia, kahawa mpe, lakini muulize kwanza katumwa na nani.

Mwana wenu, Swafiya