Friji Juu ya Matofali

Kaka yangu,

Mama anakusalimu. Goti linamsumbua, ila mdomo mzima.

Unasema nchi yenu huko ulikohamia ni tambarare kama yetu, bahari iko mlangoni, ila ninyi mna ukuta na pampu, basi mnalala fofofo, huku sisi tunahangaika kupanda mikoko kwenye tope. Haya. Miche ya mwaka juzi inanifika kiunoni, na wimbi likipita hapo hupungua nguvu.

Lakini kuna jambo haliniingii akilini. Kama ukuta wenu hauvuji, mbona umeniuliza mara mbili mikoko hupandwaje? Tena ile picha uliyomtumia mama, unacheka jikoni kwako. Mwenye macho haambiwi tazama. Friji lako limepandishwa juu ya matofali, safu mbili. Nimeficha miwani ya mama asije akaona.

Usinidanganye kwamba ni panya. Hakuna anayepandisha friji kwa raha zake, kaka, najua. Letu liko juu ya safu tatu, nasi tulikubaliana tusikwambie.

Mdogo wako, ninayeandika miguu ikiwa juu ya stuli.