Nguo Yenye Mlango Nyuma

Gesima, kwa njia ya Kisii
Jumapili, siku ya pili baada ya mvua ya mawe

Kwako Dada Mkamburi,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, maana leo nimepata kuiweka huru mtoto akiwa amelala. Mgongo wako unaendeleaje, ule uliokuwa ukikuuma ukiinama sana juu ya cherehani? Na Baba, je, kikohozi kimemwachia, au bado anagombana na kila anayemwambia avae sweta? Sisi huku ni wazima sasa. Nasema "sasa" kwa sababu kulikuwa na majuma ambayo hatukuwa wazima sana, na ndiyo maana barua yako imekaa karibu mwezi mzima bila jibu.

Uliniuliza jambo moja, nalo uliliandika mwishoni kana kwamba ni dogo: "Lile gauni lako la harusi linakaaje? Mdogo wetu Mghoi anataka lake liwe kama lile lile, vifungo nyuma, wala hataki kusikia lingine. Nikate?"

Dada, usikate bado. Soma barua hii mpaka mwisho ndipo ushike mkasi. Mimi nami nimeshika mkasi tangu barua yako ifike, na nitakuambia nilikata nini, lakini nataka kwanza ujue ilikuwaje.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya gauni lile? Ulikuwa umelitandika juu ya kitanda, kile kitambaa cha Mama alichokiacha sandukuni, na ukasema vifungo viwe mbele. Nikakujibu kwamba vifungo vya mbele ni vya wapishi. Nilikuwa nimetoka shule, nimeona magauni ya akina mama wa misheni, na nilidhani elimu inaonekana mgongoni mwa mtu. Ukanitazama, ukasema, "Haya. Utanikumbuka." Ukashona vifungo kumi na viwili nyuma, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kila kimoja na kitanzi chake.

Nimekukumbuka sana.

Kerubo ametimiza miezi minne. Jina ni la nyanya ya baba yake, lakini paji la uso ni la kwetu kabisa. Alipofika miezi miwili nilirudi kufundisha. Unajua nilivyoitafuta kazi hii: mimi ndiye mwanamke wa kwanza kufundisha katika shule hii, na wako wazee waliosema wazi kwamba watangoja waone. Nafundisha darasa la chini kusoma, na wasichana wakubwa nawafundisha kushona. Usicheke. Mwalimu wa kushona ndiye aliyeshindwa na nguo yake mwenyewe.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mama mkwe angemleta mtoto shuleni saa nne, ningemnyonyesha, naye angemrudisha nyumbani. Ile siku ya kwanza alipofika, nilimpokea mtoto, nikaketi, na hapo hapo nikajua kwamba sina pa kumpitisha. Gauni lile la harusi, ambalo sasa ndilo langu la kazini, halifunguki mbele. Ilinibidi nimgeuzie Mama mkwe mgongo anifungulie kitanzi kimoja kimoja, na vidole vyake vimezoea jembe, si vitanzi. Halafu nguo yote ishuke mabegani mpaka kiunoni, nikae kifua wazi katika baridi ya Gesima, ambayo asubuhi ni kama ile ya kwetu Werugha ukungu unaposhuka. Mtoto alikuwa amekwisha kulia mpaka sauti imekauka.

Mama mkwe Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini anakitumia bila woga. Alisimama nyuma yangu akihangaika na kitanzi cha tano, akasema, "Mokamwana" (ndivyo wanavyomwita mke wa mwana), "hii nguo iko na mlango nyuma. Nyumba gani iko na mlango nyuma peke yake? Hata ya kuku iko na mlango mbele."

Tulicheka siku ile. Siku zilizofuata hatukucheka.

Nikueleze jambo la huku ili uelewe. Wana heshima wanayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, yeye haingii nyumbani kwa mwana, huishia mlangoni, na akiuona mwili wa mkwewe ulio wazi, hilo ni jambo zito la kuwakalisha wazee. Wala baba mkwe si mmoja. Ndugu zake wote wa rika lake katika ukoo ni baba mkwe vile vile. Sasa Mwalimu Mkuu wetu ni mtoto wa baba mdogo wa baba mkwe wangu. Na shule ina vyumba viwili vya madarasa na ofisi moja yenye meza moja, na mezani ameketi yeye.

Nikaenda nyuma ya shule. Nyuma ya shule ni shamba la pareto, maua mafupi yasiyoweza kumficha hata sungura, na njia ya kwenda sokoni inapita pembeni yake. Wapita njia nao ni shida nyingine, kwa maana hapa wanaamini kuna watu ambao macho yao yakimwangukia mtoto mchanga humdhuru ngozi. Mama mkwe hubeba Kerubo amefunikwa uso mpaka wafike. Kumfunua mtoto kando ya njia, mama yake naye amevuliwa mpaka kiunoni, hilo hakulikubali, na sikumlaumu. Basi mara nyingi alimrudisha mtoto nyumbani hajanyonya, akamnywesha uji wa wimbi kwa kiganja.

Nilijaribu nguo nyingine. Nilivaa shati kuukuu la Baba Kerubo, lile alilotoka nalo vitani alikojifunzia udresa, kazi ya kufunga vidonda. Vifungo mbele, sawa. Lakini ukifungua kimoja hakitoshi, ukifungua vitatu uko wazi mpaka kitovuni, na vile vifungo vya shaba vilimwacha mtoto na alama za duara shavuni kama amepigwa mihuri. Nikarudia gauni na kujifunika kanga mabegani. Kanga ikawa inaanguka kila ninapoinua mkono kuandika ubaoni, na chini yake tatizo lilikuwa lile lile. Nikanunua sokoni Keumbu kitambaa kipya cha drili nikashona blauzi ya kubana, kwa kuwa bado nilitaka kuonekana mwalimu. Ile ndiyo iliyoniumiza. Ilikuwa ngumu kama turubai, ilinikwaruza mpaka chuchu zikapasuka, na kwapani ilikaba. Saa nne ikifika na mtoto hajaja, maziwa yalijitokea yenyewe, na watoto wa darasa la chini wakaona kifua cha mwalimu kinalowa duara mbili. Walitazama vitabu vyao kwa adabu, na adabu yao iliniuma kuliko kama wangecheka.

Halafu titi la kushoto likawa gumu kama jiwe na homa ikanipanda. Baba Kerubo alinikanda kwa maji ya moto. Nilipopata nafuu, maziwa yalikuwa yamepungua. Mtoto alikuwa amepungua pia. Mikunjo ya mapajani, ile niliyokuandikia kwa majivuno, haikuwapo tena.

Jioni moja Baba Kerubo alirudi akaketi bila kuvua viatu.

"Mwalimu Mkuu ameniita," akasema.

"Kwa habari gani?"

"Hawezi kukuambia mwenyewe, unajua. Amesema ukitaka kupumzika mpaka mtoto atembee, ataelewa."

"Na nafasi yangu?"

"Kuna kijana amemaliza shule mwaka huu."

Nikampakata mtoto. Akasema kwa upole, "Mimi sikusukumi, Mshai. Lakini nampima mtoto kwa mikono yangu kila siku."

Dada, sikulala na hasira naye, maana alisema kweli. Nilichokuwa nacho ni aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya mwili. Nilijiona mtu aliyesoma miaka yote ile, akajua kugawa kwa desimali, asijue kumfikishia mtoto wake chakula kilicho umbali wa kitambaa kimoja. Wanawake wa hapa wasiojua herufi hata moja wanafunga shuka begani, wanaisogeza kidogo, na mtoto ananyonya huku wakipalilia. Mimi ndiye niliyejifungia nje.

Juma lile Baba Kerubo alikuwa akienda Kisii mjini kuchukua dawa, nikafuatana naye pamoja na mtoto. Katika duka moja la nguo alikuwapo mke wa mwenye duka, Bi Zuhura, Mwislamu. Babu yake alikuja zamani na misafara ya biashara, na mama yake ni Mkisii. Anasema Kiswahili kama maji. Aliponiita "mwanangu" nilitaka kulia, nikaona afadhali nimwonyeshe blauzi.

Aliishika drili kwa vidole viwili. "Hii ni ya kushonea makoti ya askari. Nani alikwambia uivae na mtoto?"

"Nilitaka iwe nadhifu."

"Unadhifu wa nini, na mtoto analia? Sikiliza. Titi halikai kipimo kimoja. Alfajiri ni hivi," akaonyesha kwa mikono, "saa nne ni hivi. Nguo yako inalijua la alfajiri tu. Ikate pana kwapani. Na usinunue kitambaa kipya, hata kwangu, mume wangu asinisikie. Tafuta kilichofuliwa mwaka mzima mpaka kimesahau dukani kulivyo. Na kiwe na maua maua, maziwa yasionekane."

Kisha akanivuta nyuma ya pazia akafunua kanga yake, maana naye ana mdogo anayenyonya, wa sita. Vazi lake la ndani lilikuwa na mipasuko miwili ya kwenda chini, mmoja kila upande, na juu yake kipande kingine cha nguo kilichoshonwa mabegani tu, kikaning'inia huru mpaka kiunoni. Unamwingiza mtoto chini ya kipande hicho, mpasuko unaachia wenyewe, basi. Mbele ya mtu umevaa kama kawaida.

"Alibuni nani?" nikamuuliza.

"Kilio," akasema.

Nilirudi Gesima nikijua kwamba katika nyumba yetu kuna kitambaa kimoja tu kilicho laini namna hiyo, tena chenye maua. Unakijua. Siku nne nililiacha gauni likining'inia msumarini. Siku ya tano, mchana, nikalitandika mezani. Sikuanza na mkasi, nilianza na wembe, nikifumua mshono wako kidogo kidogo, na ilikuwa kama kukukatiza ukiwa unazungumza. Nilipima. Hakikutosha. Kwa vipande viwili vya kifua nilihitaji upana zaidi, na nilikaa pale nikifikiri nimeliharibu gauni la kitambaa cha Mama bure.

Kisha nikafumua upande wa kwapani, nikaona.

Uliacha akiba ndani. Vidole vinne kila upande, imekunjwa na kushikizwa kwa mshono wa mkono, mpana, wa kufumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja. Maua yake bado mapya, hayajaona jua. Hakuna mshonaji anayeacha vidole vinne kwa kusahau. Nilitaka vifungo nyuma ukanipa vifungo nyuma, na ndani ukaniwekea nguo ya mama mtu, usiniambie. Nilivuta ule uzi mmoja. Nililia, Dada, halafu nikashona, na kitambaa kilitosha.

Blauzi hiyo nimeivaa juma lote lililopita. Ijumaa ndiyo siku ninayotaka kukusimulia. Mvua ya mawe ilinyesha saa nne Mama mkwe akiwa ndio kwanza anaingia na mtoto. Ofisini tulikuwa watatu na Kerubo: Mama mkwe, mimi, na Mwalimu Mkuu mezani kwake akijaza daftari la mahudhurio. Bati lilipiga kelele, hakuna aliyeweza kutoka. Mtoto akaanza kulia. Nikageukia ukuta kidogo, nikamwingiza chini ya kipande cha juu, na kilio kikakatika. Mwalimu Mkuu aliendelea kuandika. Mvua ilipopungua akasema, akilitazama daftari, "Mtoto wa Mama Kerubo ni mtulivu. Wangu angekuwa amebomoa shule."

Njiani nilipomsindikiza, Mama mkwe alicheka mpaka akashika mti.

"Hakuona," nikamwambia.

"Kuona hapana. Kusikia ndiyo! Huyu mtoto anameza kama ndama."

Jana Baba Kerubo alikutana na Mwalimu Mkuu. Habari za kupumzika hazikutajwa. Walizungumza juu ya chaki.

Sasa Mghoi. Nilitaka kukuandikia kwamba umkatalie, umwekee vifungo mbele, na nimechora mfano wa blauzi yangu kwenye karatasi ya sukari nikutumie. Lakini nimefikiri. Hatasikia, kama mimi nilivyokuwa sisikii. Basi mshonee anachotaka. Mwekee vifungo nyuma hata ishirini. Karatasi ya sukari iweke mpaka siku yake ya kunyonyesha.

Nisalimie Baba, mwambie mjukuu ana paji lake. Nisalimie Mjomba Mwakio mwalimu wa kanisa, na Shangazi wa kule bondeni, mwambie kibuyu chake hakikupasuka njiani. Shemeji yangu, mume wako, mwambie namdai barua. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama wewe ndiwe fundi wa milango. Nimemwambia ndiwe, wa mbele na wa nyuma.

Vifungo vyangu kumi na viwili vimo ndani ya bahasha. Mpe Mghoi, vimfae. Na kwapani mwachie vidole vinne, uzi mmoja. Usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Mshai