Picha Uliyoiacha Bila Jina

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Aprili, tope la mto wetu, Wadi Rihana, likiwa bado halijakauka kwenye viatu vyako. Mimi Radhia ndiye ninayeandika, lakini Baba amekaa hapa ubavuni na kila sentensi lazima ipite kwake kwanza. Ameshaikataa moja. Nilikuwa nimeandika kwamba ulikuwa mpole.

"Mama yako, mpole?" ameniuliza. "Andika alikuwa na huruma. Ukiandika mpole watu wa huku watacheka."

Basi, ulikuwa na huruma. Mabibi harusi wa milima hii yote, kuanzia kwetu hadi Tabarka, walikupenda kwa sababu usiku wa hina mpiga picha mwanamume haingii, wewe uliingia na ukaingia na maneno yako. Yule binti aliyelia mpaka wanja ukamtiririka ulimfuta kwa ncha ya shela yako, ukamwambia, "Lia umalize, mwanangu, sina haraka." Picha yake ya kucheka na macho mekundu bado iko ukutani kwao. Asiye na uwezo hukumtoza, na ukiulizwa ulidai kwamba umevutiwa na pua yake.

Harusi zetu ni za kiangazi, kwa hiyo majira ya machipuko yalikuwa yako mwenyewe. Theluji ikishayeyuka chini ya mialoni ulikuwa hushikiki. Ulichukua kamera, chupa ya maji na bonge la bsisa, unga wa nafaka za kukaanga uliokandwa kwa mafuta ya zeituni, ukateremka mtoni kuwatafuta kereng'ende. Huku kwetu mtu akipiga magoti porini na chombo mkononi, watu wanajua anachimbua dhahabu iliyozikwa na Warumi wa kale. Ammi Taher, jirani yetu mwenye mbuzi, alikuvizia nyuma ya vichaka kwa siku nyingi kabla hajajitokeza.

"Lalla Naziha, mimi si mtu wa maneno mengi. Umeipata?"

"Nimeipata, Taher."

"Iko wapi?"

"Imeruka."

Alikununia mpaka ulipomwonyesha picha. Tangu siku hiyo hakuna aliyewafukuza mbuzi wake mbali na ule mto kama yeye mwenyewe.

Ulitufundisha kwamba kereng'ende ni kinyume cha bibi harusi: usoni hana habari, habari iko mkiani. Picha ya mgongoni, ulisema, ni tetesi. Ya ubavuni ni shahidi. Ya ncha ya mkia ndiyo hukumu. Asiye na hukumu aandike "haijajulikana" aende zake nyumbani akale. Tulikuona ukiziandikia hivyo picha nzuri ajabu, ambazo mtu mwingine angezibandika jina lolote na kujisifu nazo kijiji kizima.

Na mwenyewe ulikuwa na hamu ya mmoja tu. Yule wa mapema, wa manjano na weusi, ambaye mkia wake umenenepa mwishoni kama rungu. Hutoka kabla ya wenzake, akae majuma machache, kisha basi. Ana ndugu wa kufanana naye anayekuja baadaye kidogo, ambaye mkia wake huishia kwa koleo kama la mhunzi, na huyo amejaa tele. Baada ya miaka ya ukame walisema wa rungu hayupo tena kwetu. Bwana Lazhar wa Bizerte, tunayemwita Si Lazhar, anayetunza ramani ya kereng'ende, aliuacha mto wetu mtupu, maana huweka nukta kwa picha isiyo na shaka tu. Uliitaka nukta ile, Mama. Ulisema mto wenye nukta watu huona haya kuumwagia maji machafu ya vinu vya zeituni.

Mwaka jana ukamwona. Ulirudi na tope mpaka magotini, ukasukuma kando mikate ya duka la Baba na kuweka kamera mezani. Mgongo ulionekana vizuri, manjano safi, macho mawili yaliyoachana. Ncha ya mkia ilikuwa imefunikwa na jani la rihani ya porini.

"Ndiye," alisema Baba.

"Najua ndiye."

"Basi liandike jina."

"Kujua ni kwangu, Mongi. Kuandika ni kwa watu. Kesho narudi nimpige ubavuni."

Kesho yake hukuamka. Moyo ulisimama usingizini. Tulikulaza penye mialoni, na juu ya kaburi tukaweka matawi ya rihani kama tunavyowawekea watu wetu wote. Baba aligawa mikate kwa waliokuja, ila majani yale hakuweza kuyatazama.

Amesema nisiandike hayo. Nimeyaandika.

Machipuko haya yalipoingia, aliishusha kamera yako kutoka juu ya kabati bila kumwambia mtu. Unamjua, maisha yake yote hajapiga magoti ila kwa kuswali na kwa kutafuta kijiko kilichoanguka chini ya tanuri. Aliondoka alfajiri, akarudi na baridi na picha za mawe. Siku ya pili hivyo hivyo. Ikabidi nimweleze.

"Baba, yule haamki saa ya mikate. Husubiri jua lipashe mawe."

"Mvivu namna hiyo, na mama yako alimpenda?"

"Wewe alikupendea nini?"

Tukaenda pamoja, jua likiwa limepanda. Alilala kifudifudi ukingoni na aproni yake nyeupe ya mikate, kwa sababu alisema hana nguo nyingine ya kazi. Ammi Taher akatukuta hapo.

"Mongi, umeanguka au umepata dhahabu?"

"Nyamaza, Taher. Kaa chini au uondoke na mbuzi wako."

Taher akakaa. Tulikaa sana. Baba alipiga picha za nyasi, za maji, na moja nzuri sana ya kidole gumba chake. Kisha mmoja wa manjano na weusi akatua juu ya jiwe mbele ya pua yake, ubavu wote ukiwa wazi kwenye jua. Nilisikia kamera ikilia. Kereng'ende akaruka. Baba alikuza picha kwenye kioo cha kamera, akaitazama, akanishika mkono kwa nguvu.

"Hana koleo," alisema. "Radhia, tazama hapa. Hana koleo."

Akalia pale pale chini, na Taher akageukia mbuzi wake kana kwamba wanahitaji kuhesabiwa.

Si Lazhar alikuja kutoka Bizerte kuiona kwa macho yake. Aliitazama huku na huku, akasema haina shaka, nukta tumeipata. Tulimpa chai. Halafu akaongea kwa sauti ya chini.

"Mzee Mongi, ningependa nukta hii niiandike kwa jina la marehemu, na kwa tarehe yake ya mwaka jana. Mto ni ule ule, majira ni yale yale, na picha yake tunayo. Sote tunajua ni huyo."

Mama, mimi niliitaka. Nilimkanyaga Baba mguu chini ya meza ili akubali. Yeye alikata mkate, akampa mgeni kipande.

"Kwenye picha yake, ncha ya mkia umeiona?"

"Hapana. Kuna jani."

"Basi hujui."

"Mzee wangu, ni heshima tu."

"Heshima yake ndiyo hiyo. Ukimwandikia jina kwa kumhurumia, mimi nitalala wapi? Atanijia ndotoni, mkono kiunoni."

Si Lazhar alicheka mpaka akafuta macho, na nukta ikaandikwa kwa tarehe ya mwaka huu na jina la mwoka mikate. Mto wako una nukta, Mama. Juzi mwenye kinu cha zeituni alikuja dukani kuuliza kama ni kweli, na alipotoka alikuwa mtulivu kuliko alivyoingia.

Picha zote mbili ziko ukutani juu ya tanuri. Ya Baba ina jina kamili. Chini ya yako nimeandika kwa mkono wangu: Picha ya Naziha. Haijajulikana. Wateja hawaishi kuuliza, "Mzee Mongi, si ni mdudu yule yule?" Naye anawafungia mikate yao, anasema, "Hatujui. Kuna jani." Sijawahi kumwona akisema jambo kwa fahari kama hiyo.

Unakumbukwa na mumeo Mongi, wanao Radhia na Nizar, mkweo Saluwa, dada yako Halluma, wajukuu zako Ranim na Yassin, waliogawana lenzi zako bila kupigana sana, na Ammi Taher, ambaye si ndugu lakini amekataa kuachwa nje.

Kujua ni kwetu, Mama, na kuandika ni kwa watu. Hili tumelitazama mgongo, ubavu na mkia, na tunaliandika: hatutakusahau.