Maji ya Njia ya Ruangwa

Mtani wangu Bakari,

Nachingwea sasa tuna mnara wa simu, na mimi nimefungua duka la vipuri vya baiskeli kwa jasho langu. Lakini mjomba wako akipita hapa hanisalimii. Anawaambia watu, "Huyo ndiye aliyemnyima mwenzake maji." Masika ya tatu haya, bado anasema ulikufa kwa kiu.

Kiu! Wewe?

Unakumbuka tulivyobishana kabla ya mbio zile za kwenda Ruangwa na kurudi? Ulisema mbio ndefu ni mapafu. Nikakwambia mapafu ni robo. Robo tatu ni jua, tumbo, usingizi, na kutoanza mbio kama mtu aliyeiba kuku. Ukacheka: "Mtani, kimbia na hesabu zako, mimi nakimbia na miguu."

Na kweli ulikimbia. Ila kila kijiji akinamama walitoka na kata: "Karibu maji, mwanangu." Kwetu kukataa maji ya mtu ni kumtukana. Mimi nilikuwa na kidumu changu cha uji wa chumvi, nikapita, nikaitwa mwenye maringo. Wewe ulisimama, ukanywa, ukashukuru. Kila kijiji.

Tulipokuwa tunarudi, vidole vyako vilikuwa vimevimba, pete imezama. Ukatapika. Ukaniita kwa jina la mama yako. Watu wakapiga kelele, "Mpeni maji!" Nikasema basi, yametosha... sikujua hata kwa nini nasema. Neno hilo ndilo mjomba wako amelishika mpaka leo. Wakakunywesha tena.

Baadaye daktari alinieleza: jasho hutoa chumvi mwilini, na maji matupu yakizidi huizimua ile iliyobaki, ubongo ukavimba. Nikampelekea mjomba maelezo hayo. Akaniuliza udaktari nimesomea wapi.

Mazikoni watu walinisubiri nikutanie, maana ndiyo kazi ya mtani. Nilishindwa, Bakari. Nikaondoka kimya, na kimya hicho nacho kikawa ushahidi.

Mbio zinarudi baada ya mavuno. Nimeshapita kwa akinamama wa njiani, nyumba kwa nyumba, nikawaomba watie chumvi kidogo kwenye maji ya wakimbiaji. Wamekubali. Nami nitakimbia, na nikimaliza nitakuja kaburini kwako, mjomba wako akiwepo, nitoe utani unaonidai: jamani, mtani wangu amekufa maji, nchi kavu, katikati ya vumbi, kwa sababu ya adabu zake.

Akinipiga, anipige. Akicheka, tutalia wote.

Pumzika, mtani. Kiu huna.