Kinywa cha Idrisa

Kitete, Tabora

Dada yangu Mwamvua,

Shikamoo. Najua barua hii umeishika mbali na uso kama mtu anayepima kitambaa, kwa sababu miwani umeiacha chumbani. Kaichukue. Usimpe mjukuu akusomee, haya si ya mjukuu. Magoti yanaendeleaje? Na lile sikio la kulia, bado linavuma? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia, ndiyo maana naandika. Kwenye simu ni lazima nipaze sauti ndipo unisikie, na nikipaza sauti humu ndani mwanangu Mwajuma naye anasikia.

Watu wa huko husema Tabora si mbali, unalala kwenye treni unaamkia hapa. Waje wakae. Mwanangu anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kufundisha, mumewe yuko mgodini Geita, na mimi nabaki na mtoto wao Idrisa mpaka saa kumi jioni, geti limefungwa. Kwetu Ujiji mtu akipita anaingia, anauliza umepika nini, anaonja, anakosoa chumvi. Hapa hakuna aliyenikosoa chumvi tangu nije. Namsimulia Idrisa habari za kwetu kuanzia asubuhi, naye ana mwaka mmoja na miezi minane, ananijibu "maji", "baba" na "tena". Honi ya treni ikilia namwambia ile inakwenda kwetu. Nina upweke, Dada. Nilidhani neno hilo ni la nyimbo tu.

Sasa nikueleze. Kama miezi miwili iliyopita kinywa cha Idrisa kilianza kunuka. Si ile harufu ya mtoto unayoijua, ni uchachu, kama uji uliosahauliwa sufuriani. Akila anacheua, akilazwa anakohoa, anajikunja mgongo na kulia. Nilimsafisha kwa kitambaa na maji ya chumvi, harufu ikarudi. Siku moja Mwajuma alimbusu akakunja uso, akaniuliza, "Mama, unampa nini?" Swali lile liliniuma. Mimi niliyelea watoto sita wakakua, naulizwa nampa nini. Nikamwambia ni kimeo, kilimi kimerefuka kinamkwaruza koo, akakatwe kama tulivyokatwa sisi. Akasema hataki kusikia habari ya kimeo ndani ya nyumba yake. Siku mbili tukawa tunaongea habari za mkaa na maji tu.

Ndipo ulipopiga simu, nawe ukasema kwa sauti yako ile ya kuita watu wa ng'ambo, "Kamkate, unangoja nini?" Sikulaumu. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Hapa jirani nina mmoja tu aliyekuwa akinigongea geti, Mama Kulwa, Mnyamwezi wa Ntalikwa. Hunisalimia "mwangaluka" nami naitikia kama alivyonifundisha, anacheka matamshi yangu. Nikamweleza shida yangu. Akasema kwao yuko mzee anayekata vimeo, na pacha wake wote wawili walipita mikononi mwake. Jumatano, Mwajuma alipotoka tu, tukapanda bajaji.

Mzee yule sitamsema vibaya. Alikuwa na shati safi na maneno ya upole. Alitoa chuma chembamba kilichopinda ncha, mpini umeviringishwa kitambaa, akakitia kwenye kopo la maji ya moto. Akaniambia nimpakate mtoto nimshike kichwa, na kama atakaza meno kuna kijiko cha kumfungulia. Nikasema hakuna haja ya kijiko. Nikamwambia, "Idrisa, aaa." Dada, alifungua papo hapo. Akafumba macho, akapanua kinywa chote kama afanyavyo kila siku nikimletea tonge. Alikuwa anangoja chakula. Nikainuka naye, nikamwambia mzee anisamehe. Hakukasirika, alisema tu kwamba mtoto ni wangu. Lakini hakuwa wangu, alikuwa wa Mwajuma. Mama Kulwa aliona nimemwaibisha kwa watu wa kwao. Mpaka leo hajagonga geti.

Jioni nilimwambia Mwajuma ukweli wote, akiwa anachambua mchicha. Aliacha mchicha, akamchukua mtoto, akawasha taa ya simu akamtazama koo. Alipohakikisha ni mzima akanigeukia, wala hakupaza sauti. "Mama, lingetokea la kutokea, ungeniambia nini?" Nikauvuta ule mchicha, nikaendelea kuuchambua.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari sote watatu. Ni binti mdogo, lakini alinipa shikamoo na akaniuliza mimi, si Mwajuma, maana mimi ndiye ninayeshinda na mtoto. Nikamtajia kwa majivuno: wali wa mawese, dagaa wa kwetu, maji ya ukwaju, chai ya maziwa, akilia namwongeza, akishiba namlaza hapo hapo na chupa yake mdomoni. Akaandika. Kisha akasema ni kiungulia. Nikataka kucheka, mtoto wa umri ule ana kiungulia? Akanieleza taratibu kwamba chakula kikizidi na mafuta yakizidi, hurudi juu na asidi ya tumboni, koo linaungua, na uchachu tunaounusa unatoka huko, pamoja na maziwa yanayolala kwenye meno yasiyopigwa mswaki. Apewe kidogo kidogo. Baada ya kula akae wima nusu saa. Chupa ya kulalia iachwe. Alipompima aliona uzito bado mzuri, ila akianza kupungua au kutapika sana tumrudishe upesi. Mwisho akanionyesha kilimi chenyewe kwa tochi. Kidogo, chekundu, hakina kosa lolote.

Nililia njiani. Mawese yale unayonitumia, Dada, nilikuwa namlisha ili anukie kwetu. Na kila alipofungua kinywa nilimjaza, kwa sababu wakati wa kumlisha ndiyo saa pekee mtu ananitazama usoni. Usinitumie mengine.

Wiki mbili Mwajuma alimpeleka kwa mama mmoja anayetunza watoto karibu na shule. Nilifagia ua mara tatu kwa siku. Niliongea na jiko. Kisha Jumapili jioni Mwajuma akasema yule mama huwalaza watoto na chupa wakishakula, akaniwekea mswaki mdogo mkononi, akasema, "Kesho anabaki na wewe." Basi. Sasa harufu imepungua sana, haijaisha. Akila namweka begani, natembea naye ua mzima mpaka nusu saa ipite.

Nisalimie mke wa marehemu kaka, mwambie kanga yake ninayo. Nisalimie jirani yetu anayeuza samaki wa migebuka, na shemeji wa Kasulu akija, na yule binti anayekuchotea maji, Mungu amlipe.

Mwajuma amesema Idi ikipita nikitaka kurudi atanikatia tiketi, wala hakusema kwa ubaya. Nilifurahi mpaka nikaanza kuwaza nyumba nitakayoanza kuitembelea. Jana Idrisa baada ya kula alikunja uso. Mama yake akamwinamia akamuuliza panauma wapi, mtoto akamtazama tu. Kisha akaja kwangu, akanishika kiganja akakiweka kifuani pake, hapa katikati. Sitakuja Idi ikipita, Dada. Nitakuja siku atakapoweza kumwambia mama yake mwenyewe panapouma. Chumba changu mpe mpangaji.

Mdogo wako,
Tatu